Kutoka Daluga hadi Filimbi: Mwanafunzi Mchezaji na Safari ya Ukocha katika Milima ya Usambara

Utangulizi

Mhadhara huu unachunguza hatua moja katika maisha ya mwanamichezo ambayo mara nyingi hupita bila kuandaliwa wala kuandikwa, yaani pale kijana aliyekuwa akichezea timu ya chuo anapotundika daluga na kushika filimbi ya ukocha. Kwa maneno “mwanafunzi mchezaji” panakusudiwa kijana, wa kiume au wa kike, anayecheza kandanda la ushindani huku akisoma katika chuo cha ualimu, chuo cha ufundi au chuo kikuu. Na kwa neno “kocha” panakusudiwa mtu aliyekabidhiwa timu ili aifundishe, aipangie mazoezi, ateue wachezaji na abebe dhamana ya matokeo. Mahali pa kulitazamia suala hili ni Bungu, kata ya milimani katika Wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga, pamoja na majirani zake wa Bumbuli na Lushoto, kwa sababu huko mambo yanayomwezesha au kumkwamisha kocha chipukizi huonekana waziwazi kuliko mijini.

Hoja kuu inayotetewa hapa ni kwamba ukocha si zawadi ya mtu aliyecheza vizuri, wala si pahala pa kupumzikia mchezaji aliyechoka, bali ni taaluma ya kufundisha inayopaswa kuanza kusomwa kijana angali anacheza, na chuo ndicho mahali panapofaa zaidi kuianzia. Kutokana na hoja hiyo yanazaliwa madai mawili. La kwanza ni kwamba vyuo vya Tanzania vinapaswa kuweka nafasi rasmi ya kujifunza ukocha kwa wanafunzi wanaochezea timu zao. Na la pili ni kwamba nchi inayotaka makocha wazawa inapaswa kuwaamini hadi mwisho wa kazi waliyoianza, kwa kuwa ngazi isiyofika juu huwakatisha tamaa hata walio chini.

Ujuzi wa mchezaji na ujuzi wa kocha

Mchezaji hodari hujua mambo mengi asiyoweza kuyaeleza. Mwili wake umeyazoea kwa kuyarudia tangu enzi za chandimu, ile kandanda ya watoto inayochezwa kwa mpira wa makaratasi, matambara na kamba, hata imefika mahali anatenda kwanza na kufikiri baadaye. Ujuzi huo ni wa kweli na una thamani kubwa, lakini haumwingii mtu mwingine kwa kutazama tu. Kazi ya kocha huanzia pale panapoishia ujuzi huo: kulichukua tendo ambalo mchezaji hulifanya kwa nukta moja, kulivunja katika sehemu zake, kuzipanga sehemu hizo kwa utaratibu unaofundishika, kisha kumrudishia mwanafunzi tendo zima likiwa limekuwa lake.

Mfano wa karibu ni upokeaji wa pasi wa kiungo, yaani mchezaji anayecheza kati ya mabeki na washambuliaji. Kiungo aliyekomaa hupokea mpira akiwa tayari ameshageuka nusu, na mpira ukimfikia huwa anaelekea lango la wapinzani. Mtazamaji huona wepesi tu. Kocha anayetaka kumfundisha mtoto wa miaka 14 tendo hilo hana budi kugundua kwamba ndani yake mna mambo matatu yanayofuatana: kwanza, kutupa jicho juu ya bega kabla mpira haujapigwa, ili kujua adui yuko wapi, pili, kuufungua mwili kwa kusimama upande-upande badala ya kumwelekea mpiga pasi kifua wazi, na tatu, kuuacha mpira upite mbele ya mguu wa karibu na kuutuliza kwa mguu wa mbali. Mtoto akikosea, kosa huwa katika moja ya mambo hayo, na kocha mzuri husahihisha lile moja tu na kuyaacha mengine hadi zoezi linalofuata. Kocha ambaye hakujifunza kufundisha hupaza sauti, “Geuka! Geuka!”, na mtoto hugeuka akiwa amechelewa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba kugeuka huanza kwa macho.

Hapo ndipo penye tofauti inayoeleza kwa nini baadhi ya wachezaji waliotamba hushindwa ukocha, ilhali wengine waliocheza kwa kiwango cha wastani hufanikiwa. Mwenye kipaji kikubwa huenda hakuwahi kuyatenganisha matendo yake mwenyewe, kwa hiyo hushangaa kuona wengine hawawezi. Bali aliyelazimika kujifunza kwa taabu hukumbuka kila hatua aliyopitia. Jambo hili halimaanishi kwamba kucheza hakuna faida kwa kocha. Aliyecheza anaijua hofu ya dakika za mwisho, anaijua lugha ya chumba cha kubadilishia nguo, na huheshimiwa na wachezaji kabla hajafungua kinywa. Ila heshima ya namna hiyo humsaidia kwa majuma machache tu, na baada ya hapo wachezaji humpima kwa kile anachowaongezea.

Kuna pia badiliko la moyo, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mchezaji hushangiliwa kwa alichokifanya mwenyewe. Kocha hufurahi kwa kilichofanywa na wengine, na lawama zikija humwangukia yeye kwanza. Mchezaji huwa na marafiki kikosini. Kocha hulazimika kuwaweka benchi marafiki haohao, na wakati mwingine kuwaambia kwamba nafasi zao zimechukuliwa na wadogo zao. Kijana anayetoka kucheza moja kwa moja na kuifundisha timu ileile aliyokuwa akiichezea hukutana na mtihani huu katika wiki ya kwanza, na asiyeandaliwa hupoteza timu kabla hajapoteza mechi.

Bungu na uwanja wa mlimani

Katika Usambara ya Magharibi ardhi tambarare ni adimu, na kila kipande chake kinagombewa na mahitaji mengi: shamba la mahindi na maharage, nyumba, barabara, soko, shule, nyumba za ibada. Uwanja wa mpira wa shule ya mlimani mara nyingi hupatikana kwa kukata ubavu wa mteremko na kusawazisha udongo, hivyo upande mmoja hupakana na ukingo wa juu na upande wa pili hutazama bonde. Mpira ukitoka kwa upande wa bonde, mchezo husimama hadi watoto waufuate chini na kuupandisha tena. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, udongo huteleza na ukungu hushuka mapema jioni, kiasi kwamba zoezi lililopangwa kwa saa mbili hubaki la saa moja.

Mazingira hayo yanaweza kuonekana kuwa pingamizi tu, lakini kwa kocha aliyefundwa ni sehemu ya mtaala. Eneo dogo lililosawazishwa halitoshi kuchezea 11 kwa 11, bali linatosha kabisa kwa michezo midogo ya wanne kwa wanne au watano kwa watano, ambayo walimu wa kandanda duniani huitumia makusudi kwa watoto, kwa kuwa kila mchezaji hugusa mpira mara nyingi zaidi na hulazimika kuamua haraka zaidi kuliko katika uwanja mkubwa. Hofu ya mpira kuangukia bondeni nayo humfundisha mtoto kuuweka mpira chini na kupiga pasi fupi. Mlima wenyewe hujenga pumzi na miguu ya watoto wanaoupanda na kuushuka kila siku kwenda shule. Anayekosekana ni mtu wa kuyaona hayo na kuyageuza kuwa programu ya mazoezi, yaani mpango ulioandikwa unaosema wiki hii litafundishwa nini, kwa nini, na kwa hatua zipi.

Mtu huyo, kwa hali ya vijiji vya Tanzania, karibu daima ni mwalimu wa shule. Ndiye aliyeajiriwa mahali hapo, ndiye anayekutana na watoto kila siku, na ndiye anayekabidhiwa timu msimu wa mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ya shule za sekondari, UMISSETA, unapowadia. Kwa hiyo suala la makocha wa Bungu ni suala la vyuo vilivyowalea walimu wa Bungu. Korogwe mjini kuna chuo cha ualimu. Magamba, juu ya Lushoto, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri lilianzisha mwaka 2007 chuo kikuu kilichobeba jina la Askofu Sebastian Kolowa na kujishughulisha hasa na elimu maalumu. Mwanza kuna Chuo cha Ualimu Butimba, kinachojulikana kwa kufundisha sanaa, muziki na michezo. Na wilayani Kwimba, katika mkoa huohuo, kipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, ambacho kazi yake hasa ni kufundisha walimu na viongozi wa michezo. Kijana wa Bungu anayekwenda katika chuo chochote cha ualimu hujifunza huko jinsi ya kuandaa andalio la somo, kuuliza maswali, kupima uelewa na kusahihisha bila kumvunja moyo mwanafunzi. Stadi hizo ndizo hasa anazozihitaji kocha. Lakini kijana huyohuyo, anapovaa jezi ya chuo jioni, huchukuliwa kuwa mchezaji tu, na hakuna anayemwunganishia alichofundishwa asubuhi darasani na anachokifanya jioni uwanjani.

Inafaa kukumbusha kwamba uhusiano huu wa shule na michezo ulikwisha kukatika mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo mashuleni yalisitishwa kwa miaka kadhaa kabla ya kurejeshwa, na katika kipindi hicho kandanda la vijana lilibaki mikononi mwa timu za mitaani na mashindano ya ndondo. Hasara yake haikuwa ya vipaji vya wachezaji peke yake. Walimu vijana nao walikosa timu za kujifunzia kazi, na mwalimu asiyefundisha timu katika miaka yake ya mwanzo kazini ni nadra kuanza akiwa na umri mkubwa.

Ngazi za leseni

Taaluma ya ukocha barani Afrika imewekewa ngazi na Shirikisho la Soka Afrika, CAF. Leseni ni cheti kinachothibitisha kwamba mwenye nacho amehudhuria kozi, amefanya mtihani wa nadharia na vitendo, na anaruhusiwa kufundisha katika kiwango fulani. Ngazi hizo, kuanzia chini, ni D, C, B, A na Pro. Leseni D humwanzisha mtu anayefundisha watoto na timu za ngazi ya chini. Kila ngazi inayofuata humwongezea elimu ya mbinu, ya maandalizi ya mwili na ya uongozi wa timu. Na kati ya ngazi moja na nyingine kocha hutakiwa kupata uzoefu wa kazi. Kozi za ngazi za chini husimamiwa nchini na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, na kwa mashindano ya klabu ya Afrika kocha mkuu hutakiwa kuwa na leseni A au inayolingana nayo.

Hesabu ya muda ndiyo inayoipa uzito hoja ya mhadhara huu. Mchezaji anayesubiri hadi afikishe miaka 34 au 35 ndipo aanze na leseni D, ukizingatia miaka ya uzoefu inayohitajika kati ya ngazi na ngazi, atakaribia miaka 45 kabla ya kuruhusiwa kukaa kwenye benchi kuu la mashindano ya bara. Mwanafunzi wa chuo aliyeanza na leseni hiyohiyo akiwa na miaka 22, hata kama hatacheza ligi kuu siku moja, atafika mahali hapohapo akiwa bado kijana. Wanaoachwa nyuma na mfumo wa sasa si wavivu, bali ni watu ambao hakuna aliyewaambia mapema.

Kwa kijana wa Bungu kuna pia kikwazo cha umbali na gharama. Kozi nyingi hufanyika mjini. Nauli ya kushuka mlimani, malazi na ada huchukua sehemu kubwa ya mshahara wa mwalimu anayeanza kazi, na huenda mwajiri wake asimruhusu kuondoka muhula ukiendelea. TFF ina kituo cha ufundi Mnyanjani, jijini Tanga, ambacho kwa mkoa huu ni neema kubwa, lakini kituo hakitamfikia mwalimu wa mlimani mpaka kozi zipangwe wakati wa likizo za shule na halmashauri zishiriki kugharamia.

Waliotangulia

Mkoa wa Tanga na nchi kwa jumla haukosi mifano ya waliovuka kutoka uwanjani hadi kwenye benchi la ufundi, yaani kundi la kocha mkuu, wasaidizi wake, kocha wa makipa na kocha wa viungo. Abdallah Kibadeni, aliyepewa jina la “King”, alifunga mabao matatu katika mechi ya Julai 1977 ambayo Simba iliifunga Yanga 6-0. Mwaka 1993, safari hii akiwa kocha, aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF, ambako ilitoka sare tasa ugenini na Stella ya Abidjan kabla ya kufungwa 2-0 Dar es Salaam. Charles Boniface Mkwasa, kiungo wa zamani wa Yanga, aliipeleka timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, katika fainali za Afrika za mwaka 2010 huko Afrika Kusini, na mwaka 2015 akakabidhiwa timu ya taifa ya wanaume, Taifa Stars. Novemba ya mwaka huo timu yake ilitoka sare ya 2-2 na Algeria Dar es Salaam, na siku tatu baadaye ikafungwa 7-0 ugenini. Mambo mawili hayo katika juma moja yanaonyesha jinsi kazi ya ukocha ilivyo ngumu hata kwa aliyejiandaa.

Mfano ulio karibu zaidi na Usambara ni wa Juma Mgunda wa Tanga. Alikuwa miongoni mwa wachezaji wa Coastal Union, Wagosi wa Kaya, iliyotwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, kisha akaifundisha klabu hiyohiyo kwa miaka mingi, katika mazingira ya fedha kidogo na kelele chache. Septemba 2022 Simba ilipoachwa na kocha wake siku chache kabla ya mechi za Ligi ya Mabingwa Afrika, Mgunda aliitwa kuziba pengo, na chini yake timu hiyo ilishinda mechi zote nne za awali, mbili dhidi ya Nyasa Big Bullets ya Malawi na mbili dhidi ya Primeiro de Agosto ya Angola, ikaingia hatua ya makundi. Wengi waliona kana kwamba ameibuka ghafla. Ukweli ni kwamba elimu ilikuwa tayari na leseni ilikuwa tayari. Iliyokuwa imechelewa ni nafasi.

Selemani Matola anaonyesha upande mwingine wa safari hiyo. Baada ya kucheza Simba kwa miaka mingi hakuanzia juu, bali alifundisha vijana, kisha akaiongoza Lipuli ya Iringa hadi fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania mwaka 2019, ambako ilifungwa 1-0 na Azam, na baadaye akarudi Simba kama kocha msaidizi chini ya makocha wa kigeni waliokuja na kuondoka. Kazi ya usaidizi huonekana ndogo kwa mashabiki, lakini ni shule: msaidizi huona maamuzi yakifanywa kabla hayajawa habari, hujifunza kuandaa zoezi kwa niaba ya mwingine, na hujua makosa ya mkuu wake bila kuyalipia.

Kwa upande wa kandanda la wanawake, Bakari Shime, aliyewahi kuifundisha Mgambo Shooting ya Tanga, aliiongoza timu ya wasichana chini ya miaka 17 katika Kombe la Dunia la mwaka 2022 nchini India, ikaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Esther Chabruma, mchezaji wa zamani wa Twiga Stars, ameingia katika ukocha wa klabu akiwa na JKT Queens. Ushahidi huu unatosha kusema kwamba msichana wa Bungu anayecheza leo katika timu ya shule anastahili kuambiwa, sawa na mvulana, kwamba baada ya kucheza kuna kazi inayomsubiri.

Imani inayokatwa njiani

Historia ya Taifa Stars ina somo zito kwa kila kijana anayefikiria ukocha, na somo hilo linaihusu Korogwe moja kwa moja. Joel Bendera, ambaye baadaye alikuwa Mbunge wa Korogwe Mjini, Naibu Waziri mwenye dhamana ya michezo na Mkuu wa Mkoa, na ambaye alifariki dunia Desemba 2017, ndiye kocha mzawa aliyeiongoza Taifa Stars kufuzu kwa mara ya kwanza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Baada ya kuifunga Zambia 1-0 Dar es Salaam, Tanzania ilitoka sare ya 1-1 mjini Ndola tarehe 26 Agosti 1979 kwa bao la Peter Tino, na tiketi ya Nigeria 1980 ikapatikana. Katika fainali zenyewe, hata hivyo, benchi liliongozwa na Slawomir Wolk kutoka Poland. Tanzania ilifungwa 3-1 na Nigeria, ikafungwa 2-1 na Misri na kutoka sare ya 1-1 na Côte d'Ivoire, kisha ikakaa miaka 39 bila kurudi katika fainali hizo, hadi mwaka 2019.

Jambo la namna hiyohiyo limetokea tena katika siku za karibuni. Hemed Suleiman, maarufu kama Morocco, ndiye aliyeifikisha timu ya Zanzibar, Zanzibar Heroes, fainali ya Kombe la Chalenji mwaka 2017 nchini Kenya, ambako ilishindwa kwa mikwaju ya penalti tu. Januari 2024, katikati ya fainali za Afrika nchini Côte d'Ivoire, alikabidhiwa Taifa Stars baada ya kocha mkuu Adel Amrouche kusimamishwa, akatoka sare na Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Na tarehe 19 Novemba 2024 timu yake iliifunga Guinea 1-0 Dar es Salaam na kufuzu fainali za 2025. Novemba 2025, wiki chache kabla ya fainali hizo kuanza nchini Morocco, nafasi yake ilichukuliwa na Miguel Gamondi wa Argentina, na Tanzania ikafika hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza.

Haki inadai isemwe kwamba matokeo ya Gamondi yalikuwa mazuri, na kwamba kocha wa kigeni mwenye ujuzi ni faida kwa nchi inayotaka kujifunza. Suala lililopo ni la utaratibu, si la uraia. Kocha mzawa akipewa kazi ya kupanda mlima kisha akashushwa kabla ya kilele, nchi hukosa kitu kimoja kisichonunuliwa kwa mshahara wowote, nacho ni uzoefu wa mashindano makubwa kubaki nyumbani. Vijana nao husoma ujumbe ambao hakuna aliyeuandika: kwamba mwisho wa ngazi yao ni usaidizi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na kumtunza kocha ni pamoja na kumwacha amalize, akosee na ajifunze.

Chuo kama karakana ya ukocha

Nchi nyingine zimekwisha kuonyesha kwamba chuo kinaweza kuwa karakana ya kutengenezea makocha. Katika vyuo vikuu vya Marekani, ambako mchezo unaopendwa sana ni ule wa mpira wenye umbo la yai unaochezwa kwa mikono na miguu, mwanafunzi huwa na misimu minne ya kuchezea chuo chake, na baada ya hapo anayetaka ukocha anaweza kubaki kama msaidizi huku akisomea shahada ya pili. Kazi zake huwa za chini na za lazima: kukata picha za video za wapinzani, kuandika ripoti, kupanga vifaa, kuongoza zoezi la wachezaji wapya. Akimaliza shahada anakuwa pia amemaliza uanagenzi, yaani mafunzo ya kazi chini ya bingwa, na makocha wengi wa huko wamepitia mlango huo.

Ulaya ina mfano wa Arsène Wenger, aliyesoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Strasbourg huku akicheza kandanda kwa kiwango cha kawaida. Alikuwa katika kikosi cha Strasbourg kilichotwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 1979 ingawa hakucheza mechi nyingi, akaanza kufundisha vijana wa klabu hiyo mwaka 1981, akaifundisha Nancy, akatwaa ubingwa na Monaco mwaka 1988, akafanya kazi Japani, na tangu 1996 hadi 2018 akaiongoza Arsenal, ambayo msimu wa 2003/04 ilimaliza ligi ya Uingereza bila kufungwa hata mechi moja. Jina lake halikutokana na mabao aliyofunga. Lilitokana na tabia ya mwanafunzi ambayo hakuiacha alipoacha chuo: kusoma, kupima, kuuliza na kuandika.

Katika mazingira ya Tanzania utaratibu huo hauhitaji fedha nyingi ili uanze. Chuo cha ualimu kinaweza kumteua kila mwaka mchezaji mmoja wa kiume na mmoja wa kike, walio katika mwaka wa mwisho, kuwa makocha wasaidizi wa timu za chuo, wawe na daftari la mazoezi linalokaguliwa na mkufunzi kama linavyokaguliwa andalio la somo. Mazoezi ya kufundisha, yale majuma ambayo mwanachuo hupelekwa shuleni kujifunza kazi, yanaweza kujumuisha kufundisha timu ya shule na kupimwa kwa kazi hiyo. Kozi ya leseni D inaweza kutolewa chuoni kwa ushirikiano na TFF kabla ya kuhitimu, ili mwalimu mpya anapopanda Bungu na barua yake ya ajira awe pia na cheti chake cha ukocha.

Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba ujuzi wa kucheza na ujuzi wa kufundisha kucheza ni vitu viwili, kwamba cha pili hakiji chenyewe kwa sababu ya cha kwanza, na kwamba miaka ya chuo ndiyo inayofaa kuviunganisha, kwa kuwa hapo mwili ungali unacheza na akili inafundishwa kufundisha. Umeonyesha pia, kwa mifano ya Kibadeni, Mkwasa, Mgunda, Matola na Bendera, kwamba Tanzania haijakosa watu wa kuvuka daraja hilo. Kilichokosekana ni maandalizi ya mapema kwa walio chini na imani ya kutosha kwa waliofika juu.

Wito unaelekezwa kwa pande tatu. Halmashauri za Korogwe, Bumbuli na Lushoto zipange kila likizo ya Juni kozi moja ya awali kwa walimu wa michezo wa shule za milimani, na zitenge nauli zao katika bajeti kabla ya kununua jezi na vikombe. Vyuo vya ualimu viwape wanafunzi wachezaji nafasi ya usaidizi wa ukocha na kuitambua katika matokeo yao. Na kijana wa Bungu anayecheza chuoni leo asisubiri goti liume ndipo aulize njia ya ukocha iko wapi: anunue daftari wiki hii, aandike zoezi analofanyishwa, aandike sababu yake, na Jumamosi awafundishe wadogo zake.